Mkono Uko Uvira, Jicho Liko Mbali

Kuna picha moja iliyozipa mashine za pande tatu sifa isiyozifaa. Ni ile ya uso wa mtoto aliye tumboni, ya rangi ya asali, macho yamefumbwa na ngumi iko shavuni, ambayo wazazi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kinshasa huilipia, wakaitia kwenye fremu au wakawatumia shangazi na wajomba kwa simu. Kwa kuwa wengi wanaijua teknolojia hii kwa picha hiyo peke yake, ni rahisi kuihesabu kuwa pambo la wenye nazo, na kwa aliye Uvira ni rahisi zaidi. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Kipindupindu kimeota mizizi, hata mabomba ya REGIDESO, shirika la maji la Kongo, yamekuwa somo la utafiti wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu, na vita havijaipa barabara ya Bukavu utulivu wa kudumu. Mtu akiuliza picha ya pua ya mtoto ambaye hajazaliwa ina kazi gani mahali kama hapo, swali lake ni la haki. Jibu ninalolitetea ni kwamba uzuri wa picha hiyo hauna kazi kubwa. Lakini namna inavyopatikana na kuhifadhiwa ina kazi, tena kazi inayozidi mahali palipopungukiwa na wataalamu kuliko mahali walikojaa.

Uso wa binadamu huundwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya wiki ya nne na ya nane tangu mimba kutungwa, vinundu vitano vya nyama changa, kimoja cha paji na pua, viwili vya taya la juu na viwili vya taya la chini, husogeleana na kuungana kukizunguka kile kitakachokuwa kinywa. Mdomo wa juu hukamilika kwanza. Kaakaa hufuata, na kufikia wiki ya 12 hivi huwa limefunga. Vinundu visipokutana, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka, ule ambao watu huuita mdomo wa sungura, au kaakaa lenye tundu, au vyote viwili. Fuvu nalo lina ratiba yake. Mifupa ya juu ya kichwa haianzi ikiwa gamba moja gumu. Ni vipande vinavyopanuka kutoka katikati kuelekea kingo, na baina yao hubaki mishono ya utando na nafasi laini, kubwa kuliko zote ikiwa utosi unaopwita kichwani mwa kila mchanga. Kinachoisukuma mifupa hiyo ipanuke ni ubongo wenyewe unaokua ndani, na ndiyo maana kichwa kina habari nyingi. Ubongo usipokua, fuvu hubaki dogo. Maji yakijaa ndani ya ubongo, fuvu hupanuka kupita kiasi. Mshono mmoja ukijifunga kabla ya wakati wake, kichwa hukua kwa upande mwingine na kwenda mrama. Mwaka 1964 William DeMyer, daktari wa neva wa Marekani, na wenzake walionyesha kwamba kasoro fulani za katikati ya uso, kama macho yaliyokaribiana mno au pua isiyokamilika, hutabiri kuwa ubongo wa mbele nao haukugawanyika sawasawa. Dunia ilikumbushwa uzito wa kipimo cha kichwa tarehe 1 Februari 2016, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotangaza hali ya dharura kwa ajili ya watoto wa Brazili waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo. Kirusi kilichohusika kilikuwa kimetambuliwa tangu 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, bila mtu kukihofia.

Zamani njia ya kuuona mfupa wa mtoto tumboni ilikuwa eksirei. Mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alianza kuchapisha ushahidi kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba walipata saratani utotoni zaidi ya wengine. Madaktari walichelewa kumkubali, lakini kwa bahati njema mbadala ulikuwa njiani: mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizotengenezwa kwa mawimbi ya sauti, sauti ambayo sikio haliisikii kwa kuwa mitetemo yake ni mamilioni kwa sekunde. Miaka kumi baadaye Stuart Campbell alieleza namna ya kupima kwa uhakika upana wa kichwa cha kijusi, kutoka mfupa wa upande huu hadi wa upande ule, na kuanzia hapo kichwa kikawa kipimo cha umri wa mimba. Hiyo ndiyo ekografi ambayo mama wa Uvira anaijua akienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, na ambayo jirani zake wa Kigoma huiita utrasaundi. Ina udhaifu mmoja mkubwa: picha yake ni bapa. Mpimaji lazima akipate kichwa mahali hasa panapotakiwa, na akipinda kidogo kipimo kinampotea. Kichwa kirefu na chembamba, kama cha watoto wengi waliotanguliza matako, kikipimwa upana tu kitaifanya mimba ionekane changa kuliko ilivyo. Kidevu kilichorudi nyuma huonekana vizuri pale tu uso unapopatikana kwa ubavu kamili. Ukiwa kando kidogo, kidevu kizima huonekana kibovu na kibovu huonekana kizima.

Mashine ya pande tatu haimlazimishi mpimaji kupata kipande sahihi papo hapo. Ndani ya kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya tumbo, ambacho mafundi wa Kongo hukiita sonde, kuna mota ndogo inayoipeleka safu ya fuwele za sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde chache. Picha bapa zinazopigwa katika mwendo huo hupangwa na kompyuta zikawa ujazo mmoja, wenye vitone ambavyo kila kimoja kina mahali pake kwa urefu, upana na kina. Kazunori Baba na wenzake wa Tokyo walionyesha katikati ya miaka ya 1980 kwamba kijusi kinaweza kuchorwa hivyo, na mwaka 1989 kampuni ya Kretztechnik ya Austria ikaitoa sokoni mashine ya namna hiyo. Mwaka 1994 Dolores Pretorius na Thomas Nelson wa San Diego, Marekani, walichapisha jinsi ya kuiona mishono ya fuvu na nafasi laini kabla ya kuzaliwa, jambo linaloisumbua picha bapa kwa kuwa mshono hujipinda kufuata mviringo wa kichwa. Naye Campbell yule yule, miaka thelathini na zaidi baada ya kipimo chake cha kwanza, alileta hila ya kuugeuza ujazo na kuutazama uso kutokea ndani, nyuma kuja mbele, ili kaakaa linalojificha katika kivuli cha mfupa wa taya lionekane.

Faida kubwa, basi, haimo katika mashavu na vivuli. Imo katika kwamba kilichohifadhiwa kinaweza kukatwa upya. Picha bapa ni kipande kimoja cha papai: ukikosea kukata, mbegu hukuziona, na papai lenyewe limekwisha kuondoka. Ujazo ni papai zima, ambalo unaweza kulikata kwa urefu, kulikata kwa mshazari, ukaona umekosea, ukarudi kesho ukalikata tena. Mama amekwisha kurudi kwake Kavimvira, au amepanda pikipiki kwenda Kiliba, na bado kichwa cha mtoto wake kinaweza kupimwa na mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine. Mkono unaopitisha sonde na jicho linalosoma vimetenganishwa. Katika hospitali kubwa ya London au Johannesburg utengano huo si wa maana sana, kwa sababu mtaalamu wa kichwa cha kijusi yuko ghorofa ya juu. Pwani ya kaskazini ya Tanganyika haiko hivyo. Bukavu iko mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kwa njia ya Kamanyola, na njia hiyo hukatwa na mvua au na watu wenye silaha. Bujumbura iko karibu kiasi cha kuonekana ng'ambo ya maji, ila kati yake na Uvira kuna mpaka unaofungwa na kufunguliwa. Upande wa kusini, kuelekea Makobola, Mboko na Baraka, mara nyingi boti hufika kabla ya gari. Daktari anayeweza kutofautisha mshono uliojifunga na mshono uliofichwa tu na kivuli hawezi kuwekwa katika kila kituo cha ukanda huo. Faili la makumi ya megabaiti linaweza kutumwa usiku, watu wakiwa wamelala na mtandao wa simu umepungua msongamano.

Wazo hili limekwisha kujaribiwa kwa umbo rahisi zaidi, tena si mbali sana na hapa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzao wa Lusaka, Zambia, walichapisha matokeo ya programu ya akili bandia iliyofundishwa kwa sonde inayopitishwa tumboni bila mpitishaji kutafuta kichwa wala paja. Anaivuta kutoka chini kwenda juu, kisha upande hadi upande, basi. Kompyuta ilikadiria umri wa mimba kwa usahihi uliolingana na wa wapimaji waliosomea kazi hiyo, hata pale kifaa kilipokuwa cha bei nafuu na mkono ukiwa wa mtu asiye fundi wa ekografi. Zile zilikuwa filamu za picha bapa, wala hazikuonyesha uso wenye mashavu. Lakini kanuni ni ile ile, kukusanya kwanza na kusoma baadaye. Wanaodhani kwamba kuitetea picha ya pande tatu ni kutetea ununuzi wa mashine ya gharama kuliko zote zilizopo wapate hapa sababu ya kupunguza wasiwasi.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wanaoiona ekografi kuwa anasa. Linatoka kwenye ushahidi, na Kongo imo ndani yake. Utafiti ulioitwa First Look, uliochapishwa mwaka 2018, uliipeleka ekografi ya kawaida vijijini katika nchi tano: Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Wahudumu wa afya walifundishwa, wanawake wakapimwa mara mbili katika mimba, na maeneo mengine yakaachwa yalivyo ili kulinganisha. Ilitarajiwa kwamba wanawake wengi zaidi wangekuja kliniki, wenye matatizo wangegunduliwa na kuzalia hospitali, na vifo vingepungua. Havikupungua, si vya akina mama, si vya watoto wanaozaliwa wafu, si vya wachanga, wala mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka. Anayepigia debe mashine yoyote ya picha bila kuutaja utafiti huu anawaficha wasomaji wake. Mimi nausoma hivi: jicho lilipewa nguvu, lakini barabara, damu ya akiba, chumba cha upasuaji na daktari wa zamu vilibaki kama vilivyokuwa, na tatizo lililoonwa mapema likabaki tatizo. Ndiyo maana sitetei sonde ya pande tatu katika kila kituo cha bonde la Ruzizi. Kwa vituo hivyo pendekezo la WHO la mwaka 2016 linatosha, ekografi moja ya kawaida kabla ya wiki ya 24, tena hilo lenyewe bado ni deni. Ninachotetea ni mahali pamoja, pengine pawili, hospitali kuu ya rufaa ya Uvira ikiwa ya kwanza, ambapo mama ambaye kipimo cha kawaida kimetia shaka juu ya kichwa au uso wa mtoto wake atapitishiwa sonde mara moja, na ujazo ukasomwe na mwenye ujuzi popote alipo. Idadi ya mama hao ni ndogo. Udogo huo ndio unaoifanya kazi iwezekane.

Na kwa hao wachache, kujua hubadilisha mambo ya kushikika. Duniani kwa wastani mtoto mmoja kati ya mia kadhaa huzaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa. Upasuaji wa mdomo unaweza kungoja miezi mitatu au zaidi; njaa haingoji siku tatu. Mwenye tundu kaakaani hawezi kulivuta ziwa, na asipopata mtu wa kumkamulia mama maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo au kijiko, anaweza kufa kwa kasoro ambayo yenyewe haiui. Mwenye taya dogo mno anaweza kukosa hewa dakika za kwanza, kwa sababu ulimi humwangukia kooni. Mkunga aliyeonywa humlaza kifudifudi na kuita msaada kabla rangi ya mtoto haijageuka. Mwenye kichwa kilichojaa maji huenda asiweze kupita njia ya kawaida, na mama yake akianzia uchungu Swima au Luvungi roho zote mbili ziko hatarini. Kuhusu hilo la mwisho Afrika Mashariki ina mafanikio ya kujivunia. Katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, Benjamin Warf aliyehamia huko mwaka 2000 aliendeleza upasuaji unaofungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, ili mtoto wa kijijini asitegemee maisha yake yote mpira wa kutolea maji unaoweza kuziba akiwa mbali na daktari. Jaribio lililofanyika hapo na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili ya watoto hao hayakutofautiana na ya waliowekewa mpira. Lakini Warf huyo huyo alionyesha jambo linaloipunguzia majivuno teknolojia ninayoisifu: sehemu kubwa ya watoto aliowaona, zaidi ya nusu, maji yao yalitokana na maambukizo waliyoyapata baada ya kuzaliwa. Hao hakuna ekografi ya mimba ambayo ingewaona. Wanaonwa na utepe kama wa fundi cherehani, ukizungushwa kichwani kila mtoto anapokuja kuchanjwa.

Pingamizi la pili linauliza kichwa cha nani ndicho kipimo. Ukisema kichwa ni kidogo, ni kidogo kuliko cha nani? Hapa wanasayansi wenyewe hawajaelewana. Mradi wa INTERGROWTH-21st uliwafuata wanawake wenye afya na lishe nzuri katika nchi nane, pamoja na mtaa wa Parklands mjini Nairobi na jiji la Muscat, Oman, na matokeo yake ya mwaka 2014 yalidai kwamba mama akiwa mzima, mifupa ya vijusi hukua karibu sawa kila mahali. Tofauti za mahali zilieleza chini ya asilimia 4 ya tofauti zote za mzingo wa kichwa na urefu. WHO nayo ikafanya utafiti wake katika nchi kumi, Kongo ikiwa mojawapo kwa wanawake wa Kinshasa, na ilipochapisha mwaka 2017, ikiwa imewafuata wanawake 1,387, ilisema makadirio ya uzito wa vijusi yalitofautiana kati ya nchi na nchi, na kwamba umri, kimo na uzito wa mama, mimba alizobeba na jinsia ya mtoto vyote vina mchango. Sioni kuwa mmoja lazima awe mwongo, kwa sababu uzito hutegemea nyama na mafuta, na mfupa una ukaidi wake. Ila kwa mama wa Uvira kuna jambo ambalo chati hizo zimeliacha nje makusudi, nalo ni ugonjwa. Zilitengenezwa kwa wanawake wazima. Bonde la Ruzizi lina malaria, na utafiti uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba malaria hudumaza vijusi, hasa mama akiwa pia na utapiamlo. Kijusi kinachonyimwa chakula mwishoni mwa mimba huulinda ubongo kwanza, kwa hiyo tumbo hukonda na kichwa huendelea. Kikinyimwa tangu mwanzo, vyote hupungua pamoja. Kichwa kidogo chenye umbo zuri na mishono iliyo wazi kina maana moja, na kichwa kidogo chenye paji lililolala na mshono uliojifunga kina maana nyingine kabisa. Mzingo peke yake, ambao ni namba moja tu, hauzitenganishi hali hizo. Umbo huzitenganisha, na umbo hukaa katika ujazo.

Kwamba umbo la uso wa watu wa maziwa makuu linaweza kupimwa kwa kiwango cha juu, halihitaji tena kuthibitishwa. Huko Mwanza, watafiti wa Tanzania na Marekani, akiwemo Mange Manyama wa chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, waliwapiga maelfu ya watoto na vijana picha za uso za pande tatu, kompyuta ikaweka alama zake puani, machoni na midomoni, na mwaka 2016 wakachapisha sehemu za vinasaba zinazohusiana na ukubwa wa uso. Walikuwa watoto waliokwisha kuzaliwa, na kamera ilikuwa ya mwanga, haikuwa ya sauti. Lakini hesabu ya maumbo ni ile ile.

Wapo watakaosema, kama ni umbo la fuvu mnalitaka, zipo mashine bora kuliko sauti. Ni kweli kwa sehemu. Skena ya eksirei huuonyesha mfupa vizuri kuliko kitu kingine chochote, na skena ndogo za maabara zimechora mafuvu machanga yaliyohifadhiwa katika makusanyo ya zamani, kama lile la Kyoto. Lakini kwa mtoto aliye hai tumboni onyo la Alice Stewart bado liko mezani, na skena hiyo hutumika mara chache sana, kwa magonjwa mazito ya mifupa. MRI haina mionzi ya namna hiyo na huuona ubongo vizuri mno, ila mfupa mwembamba huiponyoka, na gharama yake ni ya nchi nyingine. Sumaku zake nyingi hupozwa kwa heli ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Umeme wa Uvira hutoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, na haufiki kila siku. Mashine ya sauti inaweza kubebwa begani na kuendeshwa kwa betri iliyochajiwa na jua. Katika ukanda huu hilo peke yake linamaliza mjadala.

Usalama haupaswi kupuuzwa. Mawimbi ya sauti hupasha joto, na mfupa huyameza zaidi ya nyama, hata mashine zina kipimo chao maalumu cha joto la fuvu kinachoandikwa pembeni ya skrini. Hakuna madhara yaliyothibitishwa kwa vipimo vya kawaida vya uzazi, lakini vyama vya wataalamu vinapinga kumpiga mtoto sauti nusu saa kwa ajili ya picha ya ukumbusho. Sekunde chache za kukusanya ujazo, kisha mama akashuka kitandani na kazi ikaendelea kwenye kompyuta, ni afadhali kuliko dakika ishirini za kutafuta kidevu. Kikwazo kikubwa zaidi ni cha kawaida: maji ya uzazi yakiwa machache, kondo likiwa mbele ya uso, au mtoto akiwa amejificha nyuma ya mkono wake, ujazo hautakuwa na kitu cha kukata, na mama ataombwa arudi. Kurudi, kwa mtu wa Mboko, ni nauli ya boti na siku nzima bila shamba.

Nimeliacha mwisho jambo linalonisumbua kuliko bei. Ujazo wa uso ni uso wa mtu. Ukitoka Uvira ukaingia katika kompyuta ya nchi nyingine, umebeba kitu ambacho, kama kazi ya Mwanza inavyodokeza, kina uhusiano na damu ya ukoo, na maelfu ya nyuso za namna hiyo ndizo chakula cha programu zitakazouzwa kesho. Machi 2023 Kongo ilitunga sheria ya mambo ya kidijitali inayogusa ulinzi wa data za watu, na hapo pana pa kusimamia. Nakala ibaki Uvira. Jina litolewe kabla ya faili kuondoka. Msomaji wa kwanza atafutwe Bukavu, Kinshasa au Lubumbashi kabla ya kutafutwa Ulaya, maana jicho linaloajiriwa nchini linaweza siku moja kuhamia pwani hii. Mama aombwe idhini kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kiswahili, si kwa karatasi ya Kifaransa anayoitia alama ya kidole. Na jibu lirudi kabla hajafika wiki ya 36, kwenye ukurasa mmoja ambao mkunga wa zamu anaweza kuusoma usiku na kuutumia: azalie wapi, nani awepo, kikombe kiandaliwe au hapana.